Kahawa ya Shika Njia

Ilidža, nje ya Sarajevo
9 Machi 1909

Kwa binti wa dada yangu, Hasnija, huko Graz kwa Waaustria,

Assalaam aleikum wewe na mumeo Dervish, pamoja na wanenu ambao hawajazaliwa bado lakini mimi nimeshawachagulia majina. Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Mama yako mzima, ila ule mguu wake wa kushoto sasa unatabiri mvua kuliko imamu na kasisi wakiwekwa pamoja. Theluji imeanza kuyeyuka mlimani. Mbuzi wa jirani amekula kamba ya kuanikia nguo na soksi yangu moja, na mdogo wako Sakib ameota masharubu ambayo lazima umsogeze dirishani ndipo uyaone.

Ama baada ya salamu, kaa kitako. Kama umesimama, kaa.

Unajua tangu vuli, Kaisari wa Vienna alipotangaza kwamba Bosnia sasa ni mali yake kabisa, Serbia imenuna. Urusi nayo imenuna kwa niaba ya Serbia, na kila mwenye bunduki anaipaka mafuta. Juma hili wakubwa wametangaza kuwa watakutana wazungumze kabla hawajapigana: Vienna, Belgrade, Petersburg, London, Istanbul. Wanakutana wapi? Hapa, katika hoteli yetu ya maji ya moto. Na kahawa atapika nani?

Sipendi kujisifu. Lakini Bwana Pichler, meneja, alipiga magoti mbele yangu. Haya, alikuwa anaokota kalamu, lakini akiwa huko huko chini ndipo aliposema, "Zaim, hatuna mwingine."

Nitawapikia kwa utaratibu wetu, vikombe vitatu. Cha kwanza kikubwa na kipande cha sukari pembeni, kahawa ya karibu. Cha pili ni kahawa ya soga, hicho mtu anakunywa hata saa mbili. Na cha tatu, kile kidogo kisicho na sukari, kahawa ya shika njia. Mgeni akikiona anajua mwenye nyumba amechoka, anatafuta viatu vyake. Bibi yako alimwondoa mkusanya kodi kwa kikombe hicho bila kufungua kinywa. Wajumbe sitawapa cha tatu mpaka watie saini. Nimesoma madarasa manne tu, lakini kwa hili ningeweza kumweka profesa mbele yangu akaandika.

Sasa lile lenyewe. Sakib ameandikishwa jeshini, Ijumaa anaingia kambini hapa Sarajevo. Inasemwa wajumbe wakikubaliana, vijana wa mwaka huu watarudishwa makwao. Wasipokubaliana, ataletwa huko kwenu Graz kwenye kikosi cha Wabosnia, na kutoka hapo anajua Mungu. Kwa hiyo amani ya Ulaya imo ndani ya mdila wangu wa kahawa, na mdogo wako yumo humo humo. Usiwe na hofu. Mdila huu haujawahi kunifurikia.

Mjomba wako,
Zaim

*

Graz
24 Machi 1909

Mjomba Zaim,

Aleikum salaam, na salamu zangu zikufikie kabla mbuzi wa jirani hajazila. Sisi hatujambo. Mvua hapa ni nyembamba kama ya kuchujwa. Mama mwambie asikande mguu kwa maji baridi, na kama anabisha, mwambie nimesema mimi, nawe usiongeze lolote.

Dervish ana kazi tangu Januari, katika karakana ya useremala ya jeshi. Walikuwa wanamtafuta Mbosnia hasa. Ni kazi ya mbao. Nikimwuliza mbao za nini ananiambia habari za hali ya hewa, kwa hiyo nawe usiniulize.

Habari ya Sakib nimeisoma mara mbili. Najua mama halali usiku. Mjomba, mimi nimekulia mapajani mwako na hadithi zako nazijua zote. Dubu uliyemfukuza kwa mvuke wa mdila alikuwa mmoja nilipokuwa na miaka sita. Nilipoolewa walikuwa watatu, na mmoja ana mimba. Nakuomba, mbele ya wajumbe dubu abaki msituni. Wapikie, nyamaza, waache wakubaliane. Sakib hajui hata kukasirika, atapiganaje?

Hasnija

*

Ilidža
11 Aprili 1909

Hasnija, mboni yangu,

Salamu, na salamu juu ya salamu. Mama yako anamfumia Sakib sweta la sufu nyeusi, zito kiasi kwamba risasi ikifika hapo italazimika kupumzika. Plamu zimetoa maua. Mbuzi amekufa, Mungu amrehemu, nadhani kwa ile soksi.

Ama habari kubwa: wamefika, na hii ni siku ya sita wanakaa.

Mjumbe wa London ni mrefu kama mtu aliyesahauliwa kwenye mti wa kukaushia nyama. Alikunywa kikombe cha kwanza, akafumba macho, chozi likatoka. Bwana Pichler anasema alikuwa na mafua. Bwana Pichler hajui kahawa. Wa Petersburg anakunywa vikombe vinne vya soga kwa kikao na kusinzia na macho wazi. Wa Vienna ndiye mwenyeji, mpole, anatabasamu kwa kila mtu hata kwa mlango, na lugha yetu hajui hata neno la kuombea chumvi.

Lakini wa Belgrade, huyo ni mtu. Mzee mfupi, mashavu mekundu, mama yake mzaliwa wa Foča, hapa hapa Bosnia. Siku ya kwanza nilipomwekea kikombe alikinusa, akanitazama.

"Hii umeikaanga mwenyewe?"

"Mwenyewe, bwana mkubwa."

"Sufuria au karai?"

"Karai la babu yangu."

"Inaonekana. Imeungua upande mmoja kama babu yako alivyotaka." Akacheka, akaimaliza. "Mara ya mwisho kunywa kahawa ya namna hii nilikuwa kwa mama. Alikuwa akikuchoka anakuletea kile kidogo, hasemi kitu. Wewe unacho kile kidogo?"

"Ninacho, bwana, lakini ninyi hamtakiona mpaka mtie saini."

"Basi tutakaa sana," akasema, "maana mimi nimekuja kukaa."

Nilisikia kwa masikio yangu. Amekuja kukaa. Wengine wanazungumza Kifaransa, lakini yeye na mimi tumeshaelewana, na amani ikija waandishi wa magazeti watataka jina langu. Nimeshafikiria nitavaa kofia gani ya fezi.

Zaim

*

Graz
20 Aprili 1909

Mjomba,

Salamu nyingi, na pole kwa mbuzi.

Naandika kwa haraka, mpeleka barua yuko mlangoni. Nimepata habari kutoka kwa mke wa sajini wa hapa. Vijana wa Sarajevo wanapakiwa kwenye garimoshi Jumatano tarehe 28, saa kumi na moja jioni. Wanadai ni mazoezi tu, na mkutano ukifaulu watageuzwa njiani. Mimi sitaki kusikia habari za kugeuzwa njiani. Nataka mtu wetu awe pale amwone.

Mama hawezi kufika kituoni kwa mguu ule. Mwambie akukabidhi sweta wewe. Kutoka hotelini hadi kituoni ni zaidi ya saa moja kwa gari la farasi, kwa hiyo toka mapema. Mjomba, nakujua. Ukianza kuwasimulia watu kitu, garimoshi litafika Vienna wewe bado uko kwenye utangulizi. Siku hiyo hata Kaisari mwenyewe akitaka kikombe, mwache na kiu. Sakib asiondoke kama mtoto asiye na kwao.

Dervish anakusalimu. Anatoka kazini vumbi la mbao likiwa mpaka kwenye nyusi, na siku hizi hata hali ya hewa haitaji.

Hasnija

*

Ilidža
4 Mei 1909

Hasnija,

Salamu. Mama yako hajambo.

Mkutano ulivunjika Jumatano ile. Jumamosi Vienna ikatangaza vita na Serbia. Nadhani huko mmeshasikia mengine.

Sakib nilimwona. Sweta alilipata, akalivaa hapo hapo.

Mvua inanyesha.

Zaim

*

Graz
17 Mei 1909

Mjomba mpenzi,

Nakusalimu, na nakuuliza wewe ni nani na umemweka wapi mjomba wangu.

Barua yako nimeigeuza nyuma na mbele. Mistari sita. Umemwona Sakib kituoni, katika siku kubwa kuliko zote za maisha yetu, na hujamwongezea hata sentimita moja ya urefu. Hakuna bendi iliyopiga. Hakuna jenerali aliyekupigia saluti. Dervish aliisoma, akaniambia, "Huyu amepigwa na kitu."

Hapa watu wanatembea kama walioamshwa kwa maji. Jumapili ilikuwa Serbia tu. Alhamisi Urusi, Ijumaa Berlin, na kabla sijamaliza kufua nguo za juma ikawa Paris nayo. Mwenye duka la mkate alisimama mlangoni na gazeti, nikamwuliza bei ya mkate, akanisomea orodha ya nchi. Sikumwelewa na hakunielewa.

Sakib alikaa hapa siku tisa. Niliruhusiwa kumwona mara moja, kwenye uzio. Sweta alikuwa nalo. Alikuwa anataka kuniambia jambo la kuchekesha kukuhusu, lakini tarumbeta ikapigwa. Wamepelekwa mashariki, Galicia.

Magazeti ya huku yanasema mjumbe wa Belgrade alisimama katikati ya kikao bila neno, akachukua kofia, akaenda kupanda garimoshi. Yanasema ni kiburi. Dervish amesoma kwingine kwamba Belgrade inasema mjumbe wao alifukuzwa mezani kwa tusi ambalo hawezi kulitaja hadharani. Watu wote wanauliza ni tusi gani. Mjomba, wewe ulikuwa humo chumbani. Kulitokea nini?

Hasnija

*

Ilidža
30 Julai 1909

Hasnija,

Salamu zikukute salama. Nisamehe kwa kuchelewa. Karatasi zimekuwa adimu, halafu nikawa naumwa jino, halafu jino likatoka nikawa sina sababu nyingine.

Plamu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanavunjika, na hakuna vijana wa kuzichuma. Wazee tunapanda ngazi. Mwanamume mmoja wa mtaa wa juu ameanguka akavunja mfupa wa paja, naye ana miaka sabini. Mama yako anazikausha, anazitenga za Sakib kwenye mfuko wa peke yake. Mfuko umejaa, ameanza wa pili.

Hotelini nimeacha. Bwana Pichler hakunifukuza. Niliacha tu. Kahawa yenyewe haiji tena, watu wanakaanga shayiri wanaisaga, wanaiita kahawa. Mimi hata hiyo sipiki. Mdila nimeufunga kitambaa.

Unauliza habari ya chumbani. Palikuwa na joto. Madirisha yalifungwa kwa sababu wa Petersburg alikuwa anaogopa upepo.

Nikuulize nami. Gazeti la hapa halisemi wamekufa wangapi. Linasema "kadhaa". Wewe uko karibu na jeshi, mumeo yuko humo ndani. Nitajie hesabu. Usinifichie. Nataka ya wote, siyo ya Wabosnia tu. Na kama una neno lolote la Sakib, hata baya, liandike juu kabisa ya barua ili nisilitafute.

Zaim

*

Graz
12 Septemba 1909

Mjomba Zaim,

Sakib yuko hai. Nimeandika juu kabisa kama ulivyotaka.

Barua hii haipiti posta, kwa sababu huko wanafungua kila kitu. Anakuletea koplo Rizvan wa Visoko, aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kwa sababu hana macho. Mpe chakula, na umwombee gari la kumfikisha kwao.

Sakib yuko hospitali hapa Graz tangu mwisho wa Agosti. Mkono wa kushoto umekatwa juu ya kiwiko. Mwambie mama polepole, na mwambie kwanza kwamba anakula. Siku kumi alikuwa anatazama ukuta, nikimsemesha anageuza macho kana kwamba mimi ndiye ukuta. Sweta limebaki nusu, hataki livuliwe, wauguzi wamelikata upande mmoja wakaliacha.

Siku ya kumi na moja nilimletea kikombe cha kahawa ya shayiri. Kidogo, maana ndicho nilichokuwa nacho. Alikitazama, akacheka. Mjomba, kilikuwa kicheko kibaya, kilimwamsha jirani. Akaniambia yale aliyotaka kuniambia kwenye uzio.

Anasema ulifika kituoni mbio, fezi iko upande, ukamtupia sweta dirishani, ukapaza sauti behewa zima lisikie: "Mpwa wangu, nimewafukuza wakubwa wa dunia kwa kikombe kimoja ili nikuwahi wewe. Walikuwa hawataki kuinuka. Nikawapa kile kidogo. Jenerali yupi kati yenu ana mjomba kama huyu?" Anasema walicheka mpaka garimoshi likaondoka. Wavulana wa Foča walilia kwa kucheka, kwa kuwa wao walijua kile kidogo ni kitu gani. Anasema katika wale wa behewa lile wamebaki wanne.

Sasa najua kwa nini barua yako ilikuwa na mistari sita.

Nilikaa na jambo hili siku tatu kabla ya kushika kalamu. Nilikumbuka ni nani aliyekuandikia kwamba hata Kaisari umwache na kiu. Ni mimi. Kama kuna mwenye kosa kwenye kikombe kile, basi sukari yake niliiondoa mimi.

Halafu nilikwenda kwa Dervish nikamwambia: leo utaniambia zile mbao ni za nini, la sivyo narudi Bosnia kwa miguu. Alinishika mkono akanipeleka karakana.

Mjomba, ni vibao vya makaburini. Vile vyetu, vya kichwani mwa kaburi, vyenye kilemba cha kuchongwa juu. Ndiyo maana walitaka Mbosnia, fundi anayejua kilemba kinavyokaa. Elfu tatu, vimepangwa mpaka darini, vimepakwa mafuta visioze, mahali pa jina patupu. Chumba cha pili wanachonga misalaba. Hiyo sikuhesabu. Nilimwuliza mzee mmoja Mwaustria mwenye penseli sikioni, akasema elfu arobaini za kwanza.

Na ukutani imetundikwa karatasi ya agizo, ina muhuri. Nimeisoma mara tatu. Imeandikwa 11 Januari.

Wewe uliniandikia Machi kwamba wakubwa ndiyo kwanza wanatangaza mkutano. Januari hakuna aliyekuwa amekodi chumba hotelini kwenu. Kwanza walihesabu wafu wao, ndipo wakaagiza kahawa.

Dervish amejua tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiogopa kuniambia kwa sababu Sakib alikuwa na umri wa kuandikishwa. Sikumpigia kelele. Nilimpangusa vumbi usoni.

Sasa nisikilize. Maisha yako yote umejitwalia vitu visivyo vyako. Dubu hakuwa wako, alikufa kwa mtego wa mtu mwingine, mama aliniambia. Yule balozi wa Istanbul aliyemwita farasi wake Zaim, hakuna. Tulikuachia vyote, kwa sababu nyumba ilikuwa na joto ulipokuwa unasimulia. Lakini hiki sikuachii. Vita hivi vina wenyewe, na wana muhuri. Usijisifu, mjomba.

Uliomba hesabu. Sina. Ninayo ya vibao tu, nayo ni ya kabla.

Sakib anauliza kama mdila bado upo.

Hasnija

*

Ilidža
3 Oktoba 1909

Hasnija, binti wa dada yangu,

Salamu kwako, kwa Dervish, kwa Sakib na mkono wake uliobaki. Koplo Rizvan alifika, akala, nikamfikisha kwao Visoko mwenyewe. Njiani aliniuliza milima ina rangi gani leo. Nikamwambia ya kawaida. Zamani ningemwambia kitu kingine.

Ulitaka kujua habari ya chumbani, nami nilikuandikia madirisha. Haya ndiyo yaliyotokea, na sikuongeza chochote, utaona jinsi yalivyo mafupi.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Walishakunywa cha kwanza na cha pili. Walikuwa wanabishana juu ya mstari mmoja, wa Belgrade ameegemea kiti, amevua koti, mtu aliyekaa kweli. Gari lilikuwa linanisubiri nyuma na sweta la Sakib ndani. Bwana Pichler alikuwa ameniambia nisitoke mpaka kikao kiishe. Nikawaza, nyumbani kwetu mgeni huondolewa vipi? Nikaona hakuna atakayejua, wote ni wageni wa kahawa. Watahisi tu wamechoka, watasema kesho. Nikamimina vile vidogo.

Yeye nilimsahau. Wallahi, tulizungumza naye kila siku, na dakika ile nilimsahau, kwa sababu nilikuwa naona saa ya kituoni.

Alikitazama kikombe muda mrefu. Hakunitazama mimi. Mimi ni mtumishi, mtumishi hafukuzi mtu, mwenye nyumba ndiye hufukuza. Akamgeukia wa Vienna, akamwuliza kwa lugha yetu, taratibu, "Ndiyo hivyo?" Yule hakuelewa. Akatabasamu, akainamisha kichwa, kama anavyofanya kwa mlango. Mzee akavaa koti. Akakigusa kikombe kwa kidole, hakukinywa. Alipopita karibu yangu alisema, "Mama alikuwa walau anasubiri jioni."

Nikaenda kituoni. Nikawa nafurahi, Hasnija. Njia nzima nilifurahi, nilikuwa natunga jinsi nitakavyosimulia.

Sasa umeniletea ile karatasi yenye muhuri. Nimeifikiria siku kumi na tatu. Umenipokonya dhambi yangu, na sijui kama nikushukuru, kwa maana hiyo ndiyo kazi kubwa pekee niliyowahi kuifanya kweli. Nataka sana kukuamini. Lakini mbao zilizokwisha chongwa zinaweza pia kuozea ghalani. Labda zingeoza. Labda yule mzee angekaa mpaka jioni, mstari ukapita, na Dervish akaambiwa apasue vibao vyake awashie jiko. Wewe hujui. Mimi nami sijui. Hilo ndilo limebaki, na nimeamua kulibeba bila kuliongezea uzito, wala kulipunguzia.

Barua yako nilimsomea mama yako jana, maana yeye hasomi. Nilimwambia kwanza kwamba Sakib anakula, kama ulivyosema. Halafu mkono. Alifunika uso kwa kitambaa, akafunua, akasema, "Soma." Nikasoma. Nilipofika kwenye kituo, na sweta, na kile kidogo, nikaruka. Nikaendelea pale Sakib anapouliza habari ya mdila.

Mama yako akasema, "Zaim. Soma na ulichoruka."

"Sijaruka kitu, dada."

"Unavuta pumzi ukiruka. Tangu utotoni. Soma."

Nikamsomea yote. Kituo, na vibao, na ile tarehe ya Januari. Halafu kwa kinywa changu nikamwambia habari ya chumbani, kama nilivyokuandikia hapa. Alikuwa anachambua plamu kavu za Sakib, kokwe huku, nyama huku. Hakuinua macho hata mara moja. Tulikuwa tumeshakunywa vikombe viwili vya ile shayiri.

Nilipomaliza alifunga mdomo wa mfuko kwa uzi, akainuka na mguu wake ule, akaingia jikoni. Nikamsikia anashusha kitu rafuni, maji yanachemka. Mimi najua kinachofuata baada ya kikombe cha pili, hakuna anayejua kuliko mimi. Sikumlaumu. Nikavaa fezi, nikavuta viatu, mguu mmoja nikauingiza.

Akatoka na sinia. Juu yake kile kikombe kikubwa, na pembeni kipande cha sukari, sijui alikuwa amekificha wapi tangu Mei. Ilikuwa kahawa, Hasnija, kahawa kweli, labda konzi ya mwisho iliyobaki Bosnia yote. Akaiweka mbele yangu.

"Vua viatu," akasema.

Zaim